Uingereza, Nchi Inayopandisha Mashua Mlimani

Uingereza yenyewe, ukiacha Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini, ina kilometa za mraba 130,000 hivi. Jimbo letu la Tshopo peke yake linakaribia 200,000. Humo wanaishi watu zaidi ya milioni 56 kwa sensa ya 2021, kwa hiyo ni nchi iliyobanana, yenye miji inayokaribia kugusana. Mlima wao mrefu kuliko yote, Scafell Pike, haufiki mita 1,000. Mto Severn, mrefu kuliko yote katika kisiwa wanachochangia na Uskoti na Wales, una kilometa 354. Sisi kutoka Kisangani hadi Kinshasa tu tunasafiri majini kilometa 1,734. Mfalme ni Charles III, bunge liko London, pesa ni pauni. Mwezi wa Julai jua huchelewa kuzama hadi saa tatu usiku, na mvua yao ni manyunyu yasiyomfukuza mtu barabarani. Wanakula viazi kwa kila namna, samaki wa kukaanga, na chai ya maziwa. Pilipili uende nayo.

Ningeweza kuendelea na shule, hospitali na makanisa yao, lakini moyo wangu ulibaki Tardebigge.

Tardebigge ni kijiji kidogo karibu na Bromsgrove. Hapo mfereji wa Worcester na Birmingham, uliokamilika mwaka 1815, unapanda mlima. Nasema unapanda, na ndivyo ilivyo: katika mwendo usiofika kilometa nne, malango 30 ya maji yanainua mashua kiasi cha mita 67. Nilipotajiwa kipimo hicho nilimwomba mwenyeji wetu akirudie. Maporomoko yetu saba ya Boyoma, kuanzia Ubundu hadi hapa kwa Wagenia, yanashuka mita 60 hivi kwa jumla. Ni kimo kilichowalazimisha watu wa mvumbuzi Stanley, Januari 1877, kuburuta mitumbwi msituni. Ni kimo kilichowafanya Wabelgiji watandike reli ya kilometa 125 kutoka ng'ambo ya Lubunga hadi Ubundu, iliyokamilika 1906. Kule Tardebigge kimo kinachozidi hicho wanakipanda wazee waliostaafu, wakiwa likizoni, na mashua yao haitoki majini hata kidogo.

Lango la maji ni chumba kirefu cha matofali au mawe, kisicho na paa, chenye milango ya mbao mbele na nyuma. Mashua inaingia kutoka chini. Mlango wa nyuma unafungwa. Kisha mtu anashika manivela, anaitia kwenye meno ya chuma kandoni, anazungusha, na kidirisha kilicho chini ya maji kinainuka. Maji ya upande wa juu yanamiminika ndani. Mashua inaanza kupanda pamoja nayo, pole pole, mpaka aliyesimama kwenye usukani, ambaye alikuwa anatazama ukuta wenye ukungu, anaona nyasi, halafu miguu ya watu, halafu bonde zima. Maji yakisawazika, mlango wa mbele unasukumwa, na mashua inatoka kwenda kwenye lango linalofuata. Hakuna pampu langoni. Hakuna umeme. Kinachoinua chombo cha tani nyingi ni uzito wa maji na mkono wa mtu mmoja.

Nilitaka kusukuma mlango kabla ya wakati. Shemeji yetu anayekaa Birmingham, ndiye aliyekodi mashua, akanizuia: "Kaka, usijichoshe. Maji yakiwa hayajalingana, hata watu kumi hawauwezi. Yakilingana, utausukuma na mgongo." Kweli, mlango ule unazidi tani moja, na ulifunguka kwa mtu mmoja kuegemea boriti yake. Penye milango miwili, haikutani kwa mstari ulionyooka. Imepangwa ikutane kwa pembe inayoelekea maji ya juu, ili maji yenyewe yaibane. Kadiri yanavyosukuma, ndivyo inavyoziba. Nilisimama pale nikaangalia pembe ile kwa muda mrefu kuliko nilivyoangalia jumba lolote la London.

Mashua zenyewe zimeumbwa kwa kipimo cha malango: upana wa mita 2 na sentimita chache, urefu usiozidi mita 22 hivi. Ndani mna vitanda, jiko na choo, na injini ya mazutu inayosukuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, maana sheria inakataza kuzidi kilometa 6 na nusu kwa saa. Zamani kila moja ilikokotwa na farasi aliyetembea ukingoni. Farasi mmoja aliweza kuvuta tani 30 majini, mzigo usioweza kuvutwa na farasi yule yule barabarani. Ndiyo maana tajiri mmoja, Duke wa Bridgewater, akishirikiana na fundi James Brindley, alichimba mfereji wa kutoa makaa ya mawe kwenye migodi yake ya Worsley. Ulipofunguliwa 1761, bei ya makaa mjini Manchester ilishuka karibu nusu. Bei yetu ya chumvi na saruji itashuka lini, ikiwa kila mzigo wa kwenda Kindu lazima ushushwe bandarini, uvushwe hadi Lubunga, upakiwe kwenye behewa, ushushwe tena Ubundu, upakiwe tena mashuani?

Najua mto wetu wa Lualaba si mfereji. Hakuna lango la mbao litakalosimama mbele ya maji yale. Lakini Waingereza nao hawakuweka malango yale katikati ya maporomoko. Walichimba njia mpya kando, wakaitafutia maji. Kila mashua inayopita lango jembamba hutumia zaidi ya lita 100,000, na yote yanateremka. Kwa hiyo pale Tardebigge walijenga bwawa la akiba, na zamani jumba la mashine ya mvuke liliyasukuma maji hadi juu. Walihangaika kutafuta maji. Sisi tunayo ya kufurika.

Mtu asidhani wenzetu hawajui kuacha kitu kife. Reli ilinyang'anya mifereji mizigo, kisha malori, na baridi ya 1962 kuingia 1963 iligandisha maji wiki nyingi na kumaliza biashara iliyosalia. Vita vya dunia vilipokuwa vikiendelea, mwandishi Tom Rolt aliishi Tardebigge ndani ya mashua yake, Cressy. Mwaka 1944 alitoa kitabu juu ya maisha hayo. Msomaji mmoja, Robert Aickman, akaja kumtembelea hapo 1945, na mwaka uliofuata wakaanzisha pamoja na wenzao chama cha kutetea njia za maji. Kutoka hapo raia walianza kushika majembe. Mfereji wa Droitwich, unaokutana na ule tuliopita, uliachwa rasmi 1939 ukajaa magugu. Ulifunguliwa tena 2011, baada ya miaka mingi ya watu wa kujitolea kutoa tope siku zao za mapumziko. Leo shirika la hisani lililoundwa 2012 linatunza kilometa 3,200 hivi za njia za maji, na milango ya mwaloni hubadilishwa kila baada ya robo karne hivi.

Kila anayepita hufunga mlango nyuma yake na kushusha vidirisha, hata kama hamwoni mwingine akija. Nilipoona uangalifu huo niliwaza juu ya mashua zetu za mbao, baleniere, zinazoondoka usiku bila taa, zimejazwa hadi maji yanalamba ubao, na abiria wanalala juu ya magunia. Kurekebisha hayo hakungoji mfadhili. Kuhesabu watu kabla ya kung'oa nanga hakuhitaji saruji, na reli ya Ubundu inahitaji wa kufyeka majani kabla ya kuhitaji mkutano.

Juu ya Tardebigge mfereji unakuwa tambarare hadi katikati ya Birmingham, ukipita kwenye mahandaki, moja lao refu karibu kilometa 2 na nusu. Birmingham ni mji mkubwa wenye viwanda na maduka. Mwenye ndugu huko akipata nafasi ya kukodi mashua, leseni haihitajiki. Utafundishwa kabla ya kuondoka, na kiangazi wazee wa kujitolea husaidia kwenye malango. Vaa viatu visivyoteleza, na usiache manivela kwenye meno yake, kwani ikiachiwa huzunguka kwa nguvu na huvunja mkono. Na uombe uanzie Worcester, si Birmingham, ili malango yote 58 uyapande badala ya kuyashuka.