Pesa za Kikundi na Mwizi wa Simu



Siku hizi mwizi hana haja ya kuvunja kufuli. Anapiga simu tu, tena kwa adabu, na mwenye pesa anamfungulia mwenyewe. Katika vikundi vya hapa Nyamarambe malalamiko haya si mageni. Kwa hivyo tumeona afadhali tueleze jinsi wezi hawa wanavyofanya kazi, na jinsi kikundi kinavyoweza kujilinda.

Zamani pesa za nyumbani zilitoka Nairobi kwa mkono wa msafiri au kwa basi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 taabu hiyo ikapungua sana. Lakini njia iliyofupishwa kwetu imefupishwa kwa mwizi pia.

Tuchukue mfano. Kina mama ishirini wamechanga shilingi 500 kila mmoja. Zile 10,000 ziko katika simu ya mweka hazina, zinangoja mwenye zamu. Jioni, ugali uko motoni, ujumbe unaingia: "Umepokea shilingi 4,500." Hata hajaweka simu chini, inalia. "Mama, nimekosea namba! Hizo ni pesa za hospitali, mtoto amelazwa. Nirudishie, tafadhali, haraka!" Mama ana huruma, anatuma. Baadaye anaangalia salio, anakuta hata 5,500 hazifiki, kwa maana ada ya kutuma imekatwa pia. Hakuna pesa iliyoingia. Alizotuma ni za kikundi.

Je, mama huyu ni mjinga? La, hata kidogo. Hesabu za kikundi anazijua vizuri. Mwizi hakumshinda kwa akili, alimshinda kwa haraka na huruma. Hilo ndilo jambo la kushika: ukiona mtu usiyemjua anakuharakisha juu ya pesa, hapo ndipo pa kusimama.

NJIA WANAZOTUMIA

1. Pesa za uongo. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, hauji kwa namba ya mtu. Hata hivyo usiamini ujumbe peke yake, angalia salio lako kwanza. Na kama pesa zimeingia kweli, usizitume wewe. Mwambie aliyekosea apeleke ule ujumbe wake wa kutuma kwa namba 456, kampuni imrudishie. Wako wanaorudishiwa na wewe kwa mkono, halafu wanaomba na kampuni irudishe. Hapo unalipa mara mbili.

2. "Mfanyakazi wa kampuni." Anasema laini yako itafungwa, au umeshinda zawadi. Anataka namba ya kitambulisho na namba ya siri. Safaricom imewaambia wateja kwamba huwapigia kwa 0722 000 000. Lakini hata apige kwa namba gani, hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji namba yako ya siri. Akishapata habari zako, anaweza kusajili laini nyingine kwa namba yako ile ile. Dalili yake ni hii: simu yako inapoteza mtandao ghafla, na ya jirani iko sawa. Usingoje kesho. Azima simu ya jirani uipigie kampuni.

3. Msaada na mkopo. Ujumbe wa WhatsApp au Facebook unasema vikundi vinapewa pesa, bonyeza hapa ujisajili, kisha lipa ada kidogo. Wengine hutumia jina la Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee wa miaka 70 na zaidi. Msaada unaoanza kwa wewe kutoa pesa, uuogope. Mpeleke mzee kwa chifu akaulize ana kwa ana.

4. Jina la rafiki. Unaombwa namba sita zilizoingia kwa simu yako "kwa makosa". Ukizitoa, mwizi anachukua WhatsApp yako na kuomba wanakikundi pesa kwa jina lako. Kwa hivyo mwenzako akiomba pesa kwa maandishi, mpigie usikie sauti yake.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Katika benki, pesa za kikundi hutoka kwa sahihi za watu watatu. Katika simu zinatoka kwa namba ya siri ya mtu mmoja, aliyechoka, usiku, jikoni. Huo ndio mlango ulio wazi. Basi mkubaliane hivi na muandike katika kitabu cha kumbukumbu:

- Pesa nyingi zisilale katika simu ya mtu. Zipelekwe benki au sako.
- Hakuna pesa ya kikundi kutumwa mpaka mweka hazina amepigia mwenyekiti au katibu.
- Namba ya siri haiambiwi mtu yeyote, hata mtoto anayekusaidia kusoma ujumbe.
- Ujumbe wa uongo upelekwe kwa namba 333, ni bure.

Ikiwa mtu ameshaibiwa, apige simu 100 mara moja. Pesa ambazo mwizi hajazitoa zaweza kuzuiwa. Kisha aende polisi, apewe namba ya OB. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 imeweka adhabu kwa ulaghai wa ujumbe unaomfanya mtu atoe habari zake za siri: faini hadi shilingi 300,000 au kifungo hadi miaka mitatu, au zote mbili.

Na neno la mwisho, ambalo ni zito kuliko yote. Aliyeibiwa asichekwe. Wengi hunyamaza kwa aibu, na mwizi anaendelea na jirani. Wazee wetu walilima kwa risaga, shamba la mmoja likawa kazi ya wote. Ulinzi huu nao ni risaga. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani kati yetu amewahi kupigiwa simu ya namna hii? Alifanya nini?
2. Leo pesa za kikundi chetu ziko wapi, na ni watu wangapi wanaoweza kuzitoa?
3. Tutawafundishaje wazee wetu nyumbani wasiojua kusoma ujumbe?