Nani Ameitia Timu Mbio?

Tarehe 13 Novemba 2025, mjini Rabat, dakika 90 zilikuwa zimekwisha na Kongo na Cameroon bado hawajafungana. Ikapigwa kona, Chancel Mbemba akafunga, na Léopards, timu ya taifa ya Kongo, wakapita. Siku tatu baadaye wakakimbia dakika 120 mbele ya Nigeria, sare ya 1-1, kisha wakashinda kwa penalti 4 kwa 3. Timu inayobaki na miguu hadi saa hizo huzaa swali ambalo washabiki wa miji yetu ya Butembo na Beni huulizana pia juu ya klabu zao, Nyuki na Capaco, na juu ya timu ndogo za mitaani: huyu mtu aliyeitia timu mbio ni nani? Wengi hujibu kuwa ni kocha, na kwa Léopards watamtaja Sébastien Desabre, aliyeichukua timu Agosti 2022. Wengine husema ni wachezaji wenyewe. Na huku kwetu milimani lipo jibu la tatu, ambalo husemwa kwa fahari: ni hewa ya juu, mtoto aliyekulia kwenye vilima vya Butembo ana mapafu ambayo mtu wa Kinshasa hana. Ninavyousoma ushahidi wa sayansi, majibu hayo yote yana ukweli kidogo kuliko tunavyodhani. Sehemu kubwa ya sifa ni ya watu wasiokaa kwenye benchi kabisa: wale wanaofanya wachezaji walewale waweze kufika mazoezini wiki baada ya wiki, wakiwa wamekula na wakiwa na damu ya kutosha.

Kabla ya kugawa sifa, lazima tujue ni kitu gani kimeongezeka. Watafiti waliopima wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza kuanzia msimu wa 2006-07 hadi 2012-13 walikuta umbali wa jumla kwa mechi umeongezeka kwa asilimia 2 hivi tu. Lakini mita zilizokimbiwa kwa nguvu ziliongezeka kwa karibu asilimia 30, na idadi ya mbio za kasi kabisa ikapanda kwa karibu asilimia 85. Aliyehesabu kilomita peke yake angesema mpira wa Uingereza haukubadilika, na angekosea vibaya. Italia nayo ilitoa onyo jingine: timu za chini kwenye msimamo zilikimbia zaidi kwa jumla kuliko timu za juu, ila timu za juu zilikimbia zaidi zikiwa na mpira mguuni. Kukimbia sana kunaweza kuwa dalili ya timu inayoufukuza mpira usio wake. Kwa hiyo mambo ni mawili, na kila moja lina mwenyewe. Lipo la uwezo, yaani mwili unaweza kurudia mbio kali mara ngapi kabla haujachoka, na lipo la matumizi, yaani mbio hizo zinapelekwa wapi na wakati gani.

Kwenye matumizi, kocha ana haki yake na hakuna wa kumnyima. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa 2011, ulilinganisha timu zilizopangwa 4-4-2, 4-3-3 na 4-5-1. Kwa timu nzima mbio za nguvu hazikutofautiana sana, lakini washambuliaji wa 4-3-3 walizikimbia kwa takriban asilimia 30 zaidi ya wenzao wa mifumo mingine miwili. Miili ilikuwa ya daraja moja. Kilichobadilika ni kazi waliyopewa. Kocha akiingia leo na kuwaambia mawinga wapande na warudi, Jumapili hiyohiyo tutaona mbio mpya, na sifa hiyo ni yake halali. Tatizo huanza tunapompa na uwezo pia. Timu hubadilisha kocha lini? Ikiwa chini. Na timu ikifika chini mara nyingi ni kwa sababu mabaya kadhaa yamekutana kwa wakati mmoja: beki ameumia, kiungo ana malaria, wawili wamekwenda kuihamisha familia kutoka kijijini. Mabaya hayo hayakai pamoja milele. Wiki chache zikipita majeruhi anarudi, mgonjwa anapona, na timu inapanda hata kama kiti cha kocha kingeachwa wazi. Wachumi wawili wa Uholanzi, Bruinshoofd na ter Weel, walilipima jambo hili kwenye ligi ya kwao. Walichukua klabu zilizomfukuza kocha baada ya kuporomoka, wakaziweka kando ya klabu zilizoporomoka vilevile bila kumfukuza mtu. Zote zilirudi juu, na zile zilizomvumilia kocha wao hazikuchelewa kuliko nyingine. Bila kundi hilo la pili, kila kocha mpya angeonekana mwokozi.

Jibu la mlima linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu linagusa mahali petu na lina sayansi ya kweli ndani yake. Butembo iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Beni, kilomita zipatazo 50 tu kaskazini, iko chini yake kwa mita 600 hivi. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa hushuka na kila pumzi hubeba oksijeni pungufu. Mwili ukikaa huko kwa muda hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Hiyo ndiyo sababu wanariadha wa dunia nzima hupanda Iten nchini Kenya, mahali penye mita 2,400 hivi. Lakini juu ni juu kiasi gani? Mwaka 2014 Robert Chapman na wenzake walichapisha jaribio la wakimbiaji 48 wa Marekani waliogawanywa kuishi wiki nne kwenye kimo cha mita 1,780, 2,085, 2,454 au 2,800, huku wote wakifanya mazoezi mahali pamoja. Waliporudi chini na kupimwa kwenye mbio za kilomita 3, waliopata nafuu ni wa makundi mawili ya katikati. Wale wa mita 1,780, kimo ambacho ni karibu sawa na cha Butembo, hawakuonyesha nafuu ya kuthibitika. Mtu atanijibu kwamba hao walikuwa wageni wa mwezi mmoja, na mtoto wa Butembo amekaa huko maisha yake yote. Ni pingamizi zuri, na lina jibu la tarakimu: wataalamu wa afya wanaporekebisha vipimo vya hemoglobini kwa ajili ya wakazi wa miinuko, nyongeza ya kimo kama cha Butembo ni kama gramu 1 kwa desilita ya damu. Ipo, naiheshimu, ila ni ndogo.

Mlima una mtego mwingine unaowadanganya hata watu makini. Wehrlin na Hallén, kwenye kazi yao ya 2006, walionyesha kwamba kwa wanariadha wasiozoea miinuko uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa asilimia 6 hivi kila mita 1,000 unazopanda, na upungufu huo huanza mapema, tangu mita mia chache tu. Kwa tofauti ya Butembo na Beni hiyo ni karibu asilimia 4. Timu ya Butembo ikishuka kucheza Beni inakuta oksijeni ya ziada ikiisubiri, ingawa joto la Beni litaidai sehemu yake. Timu ya Beni ikipanda Butembo itaonekana imelegea kwenye kipindi cha pili. Sasa tuseme kocha mpya amepewa timu wiki ambayo ratiba inaipeleka bondeni. Watu wataona mbio zimeongezeka na watasema ni yeye, kumbe barabara imeteremka.

Turudi kwenye damu, maana hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Gramu moja ya hemoglobini iliyojaa hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Kijana mwenye gramu 14 kwa desilita anabeba karibu mililita 19 katika kila desilita ya damu. Akishuka hadi gramu 11 anabeba chini ya 15. Amepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mzigo, na hakuna filimbi wala kelele za pembeni ya uwanja zitakazomrudishia. Malaria hufanya hivyo hasa: vimelea vinazaliana ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, na hata homa ikishatoka, damu huhitaji wiki kadhaa kujijenga tena. Beni, yenye joto zaidi na msitu karibu, ni mahali pazuri kwa mbu kuliko vilima vya Butembo, ambako baridi huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Linganisha basi: mlima unampa mtu gramu moja hivi, malaria inaweza kumnyang'anya tatu. Mama aliyehakikisha mwanawe analala ndani ya chandarua chenye dawa, na muuguzi wa kituo cha afya aliyempima siku ya kwanza ya homa badala ya siku ya sita, wameiongezea timu mbio zaidi kuliko kilima chochote. Hili nalisema bila kutia chumvi. Tarakimu ndizo zinazolisema.

Chakula nacho kina ushahidi wa zamani ambao hautajwi vya kutosha. Bengt Saltin, mtaalamu wa Sweden, mwaka 1973 alieleza wachezaji walioingia uwanjani wakiwa na akiba ndogo ya glikojeni, ile wanga inayohifadhiwa kwenye misuli, na akawalinganisha na wenzao waliokuwa na akiba kamili. Wenye akiba kamili walisafiri karibu kilomita 12 kwenye mechi. Wengine hawakufika 10. Na kati ya umbali wao mdogo, nusu waliitembea. Akiba hiyo hutoka kwenye bugali, viazi, ndizi na wali, na haijazwi kwa sahani moja ya asubuhi ya mechi. Huchukua siku nzima au zaidi ya kula vizuri na kupumzika. Mchezaji anayebeba magunia sokoni Jumamosi mchana kutwa na kula mara moja usiku amekwisha kuitumia mechi ya Jumapili kabla haijaanza. Akianguka dakika ya 70, watu husema hana moyo. Nadhani hukumu hiyo ni ya dhuluma, na inaumiza vijana wengi wenye moyo mkubwa kuliko wetu.

Kisha kuna kudumu kwa mazoezi, jambo ambalo mahali pengine halihesabiwi kwa sababu wanalo bure. Uwezo wa kukimbia hupotea upesi: mapitio ya Mujika na Padilla yalionyesha kuwa mwanariadha aliyeiva akiacha mazoezi, uwezo wake wa kutumia oksijeni hushuka kwa asilimia 4 hadi 14 ndani ya wiki nne. Sasa fikiria miaka ya Beni tangu mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza kuzizunguka Oicha, Mbau na Eringeti, miezi ya Ebola kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, na utawala wa kijeshi ulioanza Mei 2021. Kila wiki ambayo kikosi kinatawanyika, kinarudi nyuma; kila wiki kinapokutana, hata kwa saa moja kwenye uwanja wenye matope, kinajenga. Kiongozi wa klabu anayetafuta uwanja ulio salama, anayesogeza mazoezi mapema ili vijana wafike nyumbani kabla ya giza, hatajwi redioni baada ya bao. Kazi yake inaonekana kwenye dakika ya 80.

Najua wapo watakaosema: ukigawa sifa kwa mama, muuguzi, mpishi na kiongozi wa klabu, hakuna atakayewajibika, na kocha mbovu atajificha nyuma ya malaria. Hofu hiyo ingekuwa na nguvu kama hatungeweza kupima. Ni kweli kwamba vile vifaa vya setilaiti wanavyovaa wachezaji wa Ulaya mgongoni si vya bajeti yetu. Lakini Jens Bangsbo wa Denmark alitengeneza jaribio linaloitwa Yo-Yo ambalo linataka koni, simu yenye mlio uliorekodiwa, na mtu wa kuandika. Koni mbili zinawekwa mita 20, ya tatu mita 5 nyuma ya mstari wa kuanzia. Mchezaji anakwenda na kurudi kwa kuufuata mlio, anazunguka ile koni ya nyuma kwa sekunde 10 za kupumua, anaanza tena. Mlio unaharakisha, na akichelewa mara ya pili anatoka. Umbali aliofikisha unaandikwa. Mwaka 2003 jopo la Bangsbo lilionyesha kuwa umbali huo unakwenda sambamba na mbio za nguvu ambazo mchezaji huzikimbia kwenye mechi yenyewe. Sharti ni kwamba timu ipimwe uwanja uleule na saa ileile, na kamwe matokeo ya Beni yasilinganishwe na ya Butembo.

Kocha mpya na apime siku anayopokea timu, kabla ya zoezi lake la kwanza, na apime tena baada ya wiki sita. Kando ya kila jina iandikwe alikuwa mgonjwa lini, alikosa mazoezi mangapi, na alikula nini jana. Ikiwa waliokuwa wazima tangu mwanzo wamepanda kwa mita 300, sifa ni ya kocha na msaidizi wake wa viungo, na wapewe yote. Ikiwa waliopanda ni wale watatu tu waliotoka kwenye malaria, basi mazoezi mapya hayajazaa kitu bado, na barua ya shukrani ya klabu ipelekwe kituo cha afya.