Utunzaji wa Gari la Chama: Kubadili Oili na Chujio katika Pikapu ya Dizeli

Gari la chama si mali ya dereva, wala si mali ya katibu. Ni mali ya kila mwanachama aliyelipa hisa yake. Katika vijiji vya Kerende na jirani zake, wilayani Tarime, pikapu ya dizeli ndiyo ipelekayo mbolea kwa wakulima na kuleta kahawa ghalani, na mara nyingine ndiyo imfikishayo mgonjwa hospitalini usiku wa manane. Injini yake ikifa katikati ya msimu, kahawa hulala ghalani, wakulima huchelewa kulipwa, na chama hulazimika kukodi gari la mtu kwa bei aitakayo mwenyewe. Kwa hiyo yafaa kila katibu aelewe kazi hii ndogo ya kubadili oili, hata kama yeye mwenyewe hashiki spana.

Kazi ya oili

Oili hulainisha vyuma visisagane, huondoa joto mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, huzuia kutu, na husafisha injini kwa kubeba uchafu. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ya petroli. Hewa hubanwa kwa nguvu nyingi mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Mwako huo hutoa masizi, na masizi hayo huingia katika oili. Ndiyo sababu oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Weusi huo peke yake si dalili ya ubaya. Ni ushahidi kwamba oili inafanya kazi.

Lakini uwezo wa oili kubeba uchafu una mwisho wake, na chujio nalo hujaa. Chujio likiziba, tundu la dharura ndani yake hufunguka ili injini isikose oili kabisa. Tangu hapo oili hupita bila kuchujwa, na vumbi na chembe za chuma hufika kwenye beringi. Basi kubadili oili na kuacha chujio kuukuu ni sawa na kuteka maji safi kwa ndoo yenye matope.

Wakati wa kubadili

Mwongozo wa kwanza ni kitabu cha gari. Kwa pikapu nyingi za dizeli, kilomita 5,000 ndicho kipimo cha kawaida. Gari lipitalo katika vumbi, lenye mzigo mzito, au liendalo safari fupi fupi, lisingoje zaidi ya hapo. Hata gari lisipotembea sana, oili isikae zaidi ya miezi 6.

Magari mengi ya vyama hayana tena mita ya kilomita inayofanya kazi. Hapo katibu atumie stakabadhi za dizeli. Ikiwa pikapu hutembea kilomita 10 kwa lita moja, basi lita 500 zikishanunuliwa, kilomita 5,000 zimekwisha, na saa ya kubadili oili imefika.

Ununuzi

Pikapu yenye injini ndogo ya lita 2.4 huhitaji oili karibu lita 6. Yenye injini kubwa ya silinda 6 huhitaji lita 9 au zaidi. Kiasi kamili kimeandikwa katika kitabu cha gari. Oili iliyoandikwa 15W-40 hufaa injini nyingi za dizeli katika hali ya hewa ya Mara. Tarakimu ya kwanza, yenye herufi W, hueleza wepesi wa oili injini ikiwa baridi; ya pili hueleza uzito wake injini ikiwa na joto. Kadhalika, itazamwe alama ya daraja: zile zianzazo na C, kama CF-4 au CI-4, ni za dizeli, zianzazo na S ni za petroli. Kopo ambalo muhuri wake umevunjika lisipokelewe.

Hatua za kazi

1. Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na mawe yawekwe kwenye magurudumu. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

2. Injini iwashwe dakika chache, kisha izimwe. Oili yenye uvuguvugu hutoka upesi pamoja na uchafu wake. Iliyo moto sana huunguza.

3. Beseni liwekwe chini ya sampu. Mfuniko wa juu ufunguliwe, kisha nati ya kumwagia oili ilegezwe. Oili iachwe itiririke mpaka iwe matone, yapata dakika 15.

4. Oili iliyotoka itazamwe. Vipande vya chuma ni dalili ya beringi kuliwa. Rangi kama chai ya maziwa ni dalili ya maji kuingia. Ikiwa nyepesi mno na inanuka dizeli, mafuta yanavuja ndani. Katika hali yoyote ya hizo, aitwe fundi kabla gari halijaenda safari.

5. Nati isafishwe, iwekewe washa mpya na kukazwa kwa kiasi. Kukaza kwa nguvu zote huharibu nyuzi za sampu.

6. Chujio kuukuu lifunguliwe, na ihakikishwe kwamba mpira wake umetoka nalo. Mpira wa zamani ukibaki, oili itavuja kwa nguvu mara injini iwakapo. Mpira wa chujio jipya upakwe oili safi; kisha chujio likazwe kwa mkono mpaka liguse, na kuongezwa robo tatu ya mzunguko.

7. Oili mpya itiwe, lakini ipunguzwe kidogo kuliko kiasi kilichoandikwa. Injini iwashwe bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, injini izimwe mara moja. Itazamwe kama kuna uvujaji.

8. Injini izimwe, na baada ya dakika 10 kijiti cha kupimia kichomolewe, kifutwe, kirudishwe na kuchomolewa tena. Oili iongezwe kidogo kidogo mpaka ikaribie alama ya juu, lakini isiipite. Oili iliyozidi hupigwa na krenki ikatoa povu, na povu halilainishi vyuma.

Kumbukumbu na uaminifu

Kila chama kiwe na daftari la gari. Humo ziandikwe tarehe, kilomita, aina na lita za oili, bei, jina la fundi, na tarehe ya huduma ijayo. Dereva na katibu wote waweke sahihi. Chujio kuukuu lionyeshwe ofisini pamoja na makopo matupu, na makopo hayo yatobolewe yasije yakajazwa oili bandia na kuuzwa tena. Haya si kumdhania dereva wizi. Humkinga dereva mwaminifu na maneno ya watu, na humpa mkaguzi na mkutano mkuu jibu lililo wazi.

Oili chafu

Oili iliyomwagwa isitupwe mtaroni wala shambani. Maji ya Kerende hatimaye huelekea Mto Mara, na Mto Mara humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Watu wa Nyamongo wanaujua uchungu wa maji machafu tangu malalamiko ya mwaka 2009 juu ya Mto Tigithe. Oili chafu ihifadhiwe katika dumu lenye mfuniko na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wenye kibali. Isipakwe mifugo wala vidonda, maana ina masizi na chembe za metali zenye madhara. Fundi naye anawe mikono kwa sabuni.

Bei ya oili na chujio ni ndogo sana mbele ya gharama ya kusaga krenki na kununua pistoni mpya. Mkutano mkuu ukipanga fedha za huduma katika makisio ya mwaka, kazi hii haitangoja hisani ya mtu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.