Jupita Si Puto la Gesi

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, siku moja nilifundisha hali tatu za maada: yabisi, kimiminika na gesi. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama Jupita ni gesi tupu, chombo kikiingia upande huu si kitatokea upande wa pili?" Nikajibu kwa kujiamini, "Ndiyo, kitapita." Kumbe nilimpotosha.

Ukweli ni huu. Jupita, yaani Mshtarii, kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na heli. Huko juu ni gesi kweli. Lakini sayari hii ina upana wa mara 11 hivi ya Dunia, na kila tabaka linabeba uzito wa yote yaliyo juu yake. Kadiri unavyoshuka, gesi inabanwa na kupata joto, mpaka inakuwa kimiminika taratibu. Hakuna uso kama wa bahari, huwezi kusema, "gesi imeishia hapa."

Shuka zaidi. Mgandamizo ukipita mara milioni moja ya ule wa hewa yetu, atomi zinabanana kama abiria wa daladala saa za jioni. Elektroni zinaachana na atomi zao na kutembea huru. Sasa, elektroni zikiwa huru hivyo, hiyo ni metali! Haidrojeni inakuwa kama zebaki: inamiminika, na inapitisha umeme.

Wigner na Huntington walibashiri metali hiyo mwaka 1935. Mwaka 1996, wanasayansi wa maabara ya Livermore, Marekani, waliigandamiza haidrojeni ya kimiminika kwa kishindo, nayo ikapitisha umeme kama metali kwa kitambo kidogo mno. Ndani ya Jupita, inayojizungusha kwa saa chini ya 10, mwendo wa metali hiyo ndio unaozalisha ugasumaku wenye nguvu kuliko wa sayari nyingine zote.

Na chombo je? Mwaka 1995, kichunguzi cha Galileo kilishuka humo kwa parachuti. Baada ya kama saa moja kikanyamaza, na hakikuwa kimefika hata kilomita 200. Safari ya kwenda katikati ni kilomita 70,000 hivi.

Mazoezi yameisha, ila nimemwandikia mwalimu wa somo awasomee jibu sahihi. Wenzangu wa ualimu, swali likikuzidi sema tu, "Nipe mpaka kesho." Mimi sikusema.