Ugonjwa wa Mawazo Unatibika: Somo Kutoka Zimbabwe



Karibu kila shamba na kila kiwanda kina mwenzetu ambaye zamani alikuwa hodari, na sasa kazi yake inarudi nyuma. Usiku hapati usingizi, anakasirika kwa jambo dogo, tumbo linamuuma na dawa hazisaidii. Mnyapara humwita mvivu. Jirani husema amerogwa. Sisi wenyewe husema "ana mawazo", kisha tunampita. Makala haya yanaeleza jinsi watafiti wawili walivyoyashughulikia mawazo hayo kuwa ni ugonjwa, wakiwa masomoni, na faida iliyopatikana.

Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Katika miaka ya 1990 daktari kutoka India, Vikram Patel, alikuwa mjini Harare akifanya utafiti wa shahada yake ya udaktari. Yeye na wenzake waliwasikiliza wenyeji wakieleza mateso yao kwa lugha yao, na kwa maneno hayo wakatunga maswali 14 ya kujibiwa ndiyo au hapana. Je, wiki iliyopita ulikuwa na mawazo mengi? Ulikosa usingizi? Ulitaka kulia? Kazi yako ilirudi nyuma? Ulifikiria kujiua? Maswali hayo yalichapishwa mwaka 1997. Angalieni, ndugu, kwamba kurudi nyuma kwa kazi kumo katika dalili za ugonjwa.

Baada ya kipimo ilitakiwa tiba. Mwaka 2005 Dakta Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache sana wa akili nchini Zimbabwe, alifiwa na mgonjwa wake kijana aliyejiua. Jamaa zake walikuwa wamekosa nauli ya basi, dola 15 tu, ya kumrudisha hospitali. Daktari akatambua kwamba tiba ikikaa mbali, maskini hataifikia.

Mwaka 2006 alianza kazi Mbare, mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Harare. Hakuwa na wauguzi wala chumba. Alikuwa na akina bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaa huo, na benchi la mbao nje ya zahanati. Akina bibi walimwonya kwamba likiitwa benchi la ugonjwa wa akili, hakuna atakayekubali kulikalia. Likaitwa Benchi la Urafiki.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Ya kwanza ni kufungua akili: mgonjwa hutaja matatizo yake yote, kisha huchagua moja la kuanza nalo. Ya pili ni kuinua: mgonjwa mwenyewe, akisaidiwa na bibi, hutafuta jambo analoweza kulifanya. Ya tatu ni kuimarisha: hurudi kueleza limefika wapi, na hutiwa moyo aendelee. Bibi haamrishi wala hahukumu. Anayeonekana kuwa katika hatari ya kujiua hupelekwa kwa wataalamu.

Je, benchi linaponya? Dakta Chibanda, aliyesomea shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alilipima jambo hilo pamoja na wenzake katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573. Wengine walipata benchi, wengine huduma ya kawaida iliyoongezwa kidogo. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, 50 hivi walikuwa bado na dalili za sonona, yaani huzuni nzito. Kati ya waliopata benchi, walikuwa 14 hivi tu. Matokeo yalitolewa Desemba 2016. Mpango huo umekwisha kufika Malawi na Zanzibar.

Hatusemi kwamba benchi linamaliza kila kitu. Benchi halilipi deni wala haliongezi mshahara. Hiyo ni kazi yetu katika meza ya mapatano. Lakini mtu aliyelemewa na mawazo hawezi hata kusimama kudai haki yake.

Kwa hiyo tunayaomba matawi yachukue mambo matatu kwa mwajiri. Kwanza, mfanyakazi ambaye kazi yake imerudi nyuma ghafla aonwe na mganga kabla ya kupewa barua ya onyo. Pili, zahanati ya shamba au kiwanda ipate wazee wachache wanaoaminika, wafundishwe na kusimamiwa na wataalamu wa afya. Tatu, yanayosemwa hapo yasifike ofisini kwa meneja.

Nawe, ndugu, kabla matawi hayajajibiwa, usimpite mwenzako. Kaa naye, umsikilize, kisha umsindikize zahanati.