Ndia Kuu ya Mombasa: Historia Iliyohifadhiwa na Jina

Utangulizi

Majina ya mahali ni sehemu ya amali ya lugha. Aghalabu jina hudumu hata baada ya waliolitoa kufariki na mambo yaliyolizaa kusahauliwa. Makala haya yanachunguza jina la njia moja fupi katika Mji wa Kale wa Mombasa, yaani Ndia Kuu. Njia hii huanzia karibu na ngome ya Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngomeni, na kuelekea kaskazini sambamba na ufuo wa bandari ya kale. Mtu anayetembea kwa miguu huimaliza kwa dakika chache tu. Hata hivyo, maneno mawili ya jina lake yamebeba historia ya mji na historia ya lugha kwa pamoja.

Ukuu usiokuwa upana

Jambo la kwanza linalomtatiza mgeni ni neno "kuu". Njia yenyewe ni nyembamba, na nyumba za pande zote mbili zimekaribiana. Je, ukuu wake uko wapi? Jibu limo katika semantiki ya Kiswahili chenyewe. Kivumishi "-kubwa" hurejelea hasa ukubwa wa umbo au kiasi, ilhali "-kuu" hurejelea cheo na umuhimu. Waziri mkuu si lazima awe mtu wa kimo kirefu, na sikukuu haina saa nyingi kuliko siku nyingine. Vivyo hivyo, Ndia Kuu ilipewa hadhi hiyo kwa sababu ya kazi yake katika maisha ya mji, wala si kwa upana wake.

Historia inathibitisha hadhi hiyo. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka wa 1593, na makazi yao yakaenea kati ya ngome na mji wa Waswahili. Njia hii ndiyo iliyokuwa mshipa wa makazi hayo. Wao waliiita Raposeira, jina linalotokana na neno la Kireno lenye maana ya mbweha. Ngome ilipotekwa na Waomani mnamo Desemba 1698, baada ya kuzingirwa tangu 1696, utawala wa Wareno ulivunjika na jina lao likafifia. Njia yenyewe ilibaki, na jina lililodumu ni lile la Waswahili.

Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ya bandari ya kale iliipa njia hii sura mpya. Wafanyabiashara, wakiwemo wenye asili ya Bara Hindi, walijenga nyumba zenye maduka chini na makazi juu. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikashikiliwa na boriti za mikoko, na mbele zikatokeza roshani za mbao zilizonakshiwa. Hatimaye reli, ambayo ujenzi wake ulianza 1896, pamoja na gati za kina kirefu za Kilindini zilizofunguliwa katika miaka ya 1920, zilihamisha kitovu cha biashara hadi upande wa pili wa kisiwa. Ndia Kuu ikapoteza kazi iliyoipa ukuu, lakini haikupoteza jina.

"Ndia" si kosa la tahajia

Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili sanifu huenda akadhani kuwa neno "ndia" limeandikwa vibaya. La hasha! Hiyo ni sauti ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Katika maneno kadhaa, mahali ambapo Kiunguja kina "nj", Kimvita kina "nd". Mathalani, njoo huwa ndoo, njaa huwa ndaa, na njia huwa ndia. Hali kadhalika, "ch" ya Kiunguja huweza kuwa "t" katika Kimvita, kama inavyodhihirika katika macho na mato, au cheka na teka.

Lahaja hii haikuwa ya pembeni. Ndiyo aliyoitungia mashairi Muyaka bin Haji kabla ya katikati ya karne ya 19. Ndiyo pia iliyokuwa msingi wa kamusi ya Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka wa 1882. Hata hivyo, mkutano wa mwaka wa 1928 uliamua kuwa Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. La kutafakariwa ni kwamba mkutano huo ulifanyika Mombasa kwenyewe. Tangu kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka wa 1930, vitabu vya shule vilifuata njia, na ndia ikabaki vinywani mwa wenyeji, katika utungo wa malenga, na katika jina la mtaa.

Usanifishaji ulikuwa na manufaa yake, kwani taifa lilihitaji lugha moja ya kufundishia na kuchapishia. Tatizo huzuka pale usanifu unapochukuliwa kuwa kipimo cha usahihi wa kila neno. Anayeligeuza jina hili liwe "Njia Kuu" hasahihishi chochote, anafuta ushahidi. Naye anayeandika "Barabara ya Ndia Kuu" anasema barabara ya barabara kuu, ishara kwamba maana ya jina imeanza kumponyoka.

Hitimisho

Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka wa 1990, na Fort Jesus ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Hatua hizo hulinda mawe, milango na roshani. Matamshi na maana hazina mlinzi ila wasemaji na wasomi wa lugha. Kwa hivyo, ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuyakusanya majina ya mitaa, misikiti na visima kutoka kwa wazee, wakiyaandika jinsi yanavyotamkwa pamoja na maana zake, kabla hayajanyooshwa na kalamu ya mtu asiyeyajua. Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ndia Kuu haijawa pana kamwe, lakini anayeipita huku akilielewa jina lake hupita katika karne kadhaa za Kiswahili.