ULIMI WETU MBELE YA WASIOKUWA WAISLAMU

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Wapendwa wanafunzi na wazazi, tunaishi mtaa mmoja na watu wa dini mbalimbali. Dawati moja shuleni hukaliwa na Muislamu na Mkristo. Sokoni, bombani na kwenye daladala tunakutana na wote, wakiwemo wasiofuata dini yoyote. Nasi midomoni mwetu hayakatiki maneno kama bismillahi, alhamdulillahi na inshallah. Hilo ni jema. Lakini je, maneno hayo yanamfikiaje asiyekuwa wa dini yetu?

Tujue kwanza kwamba Kiswahili kimetuunganisha. Mkristo naye husali, hutoa sadaka, na aliyefariki humwita marehemu. Maneno yote hayo yana asili ya Kiarabu wala hakuna anayegombana kwa ajili yake. Kwa hiyo, mara nyingi kinachoudhi si neno lenyewe bali namna tunavyolitumia. Tuzingatie mambo matatu yafuatayo:

1. Inshallah isiwe kichaka cha kujifichia
Surat Al-Kahf, aya ya 23 na 24, inatufundisha tusiahidi jambo la kesho bila ya kulifungamanisha na matakwa ya Allah. Anayesema inshallah basi awe amekusudia kweli, kisha akakiri kuwa uwezo wa mwisho si wake. Lakini utamsikia fundi cherehani akimwambia mteja, "Inshallah kesho utachukua nguo yako," hali kitambaa hata hakijakatwa! Mwenye deni naye husema, "Inshallah mwisho wa mwezi," na moyoni hana nia ya kulipa. Mteja asiyekuwa Muislamu hana mwalimu wa kumfundisha maana ya neno hili isipokuwa vitendo vyetu. Akizungushwa mara tatu, atajua kuwa inshallah maana yake ni "hapana". Hapo tumemdhulumu haki yake, na jina la Allah tumelifikisha kwake likiwa limevaa nguo ya uongo. Kama huwezi, sema, "Samahani, sitaweza."

2. Tusimtenge wala kumvunjia heshima
Mtume (s.a.w.) amekataza watu wawili kunong'onezana na kumwacha mwenzao wa tatu, kwa kuwa jambo hilo humhuzunisha. Vivyo hivyo, tukizungumza na jirani, tutumie maneno anayoyaelewa. Akifiwa, tumwambie, "Pole sana kwa msiba." Akifaulu mtihani, tumpe hongera kwa juhudi yake, asiyeamini kuwepo kwa Mungu tusiigeuze furaha yake kuwa mahali pa kumsuta. Aidha, mtoto wetu asimwite mwenzake "kafiri" katika ugomvi wa mpira. Neno la elimu ya dini likitumika kama tusi, huwa tusi.

3. Tumtakie kheri
Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amesimulia kuwa Mayahudi walikuwa wakipiga chafya mbele ya Mtume (s.a.w.) wakitaraji awaombee rehma kama alivyowaombea Waislamu. Yeye aliwaombea Allah awaongoze na awatengenezee hali zao. Tazameni hekima hiyo! Hakuacha mafundisho ya dini yake, wala hakuwanyima neno jema.

Hivyo basi, hatusemi tufiche dini yetu au tuache kumtaja Allah. Tumtaje sana, lakini jirani akilisikia jina hilo kwetu, alisikie pamoja na ukweli, upole na ahadi iliyotimizwa. Wengi wao hawatasoma vitabu vyetu, watatusoma sisi.

Tunamuomba Allah (s.w.) azitakase ndimi zetu na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.